Mbingu Ilipohama

Mwalimu wa darasa la tano alikuwa amechoka kusoma insha moja mara arobaini. Kila mtoto alianza na jua lililochomoza kwa madaha, akamalizia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katikati hamkuwa na kitu, maana walikuwa wamekariri tu. Basi asubuhi moja akafunga kitabu cha kiada, akaketi kwenye ukingo wa meza, akawasimulia kisa ambacho wengi walikwisha kukisikia kwa bibi zao: jinsi mbingu zamani ilivyokuwa chini, ya kuguswa kwa mkono, hadi mwanamke mmoja aliyekuwa akitwanga akaidunga kwa mchi, nayo ikapanda juu kwa hasira, isirudi tena.

"Mifupa nimewapa," akasema. "Nyama leteni wenyewe. Nani alikuwepo? Aliona nini?"

Habari zikamfikia mwalimu mkuu. "Hadithi za kuwabembelezea watoto hizo," akasema. "Mtihani uko mlangoni, mwalimu."

"Mtoto hashindwi kuandika, Mkuu. Anashindwa kuanza. Hapa mwanzo anao tayari." Akaongeza bila kupepesa macho, "Mwisho wa muhula tuite wazazi, waje wasikie wenyewe."

Wazazi wakaja, wakabanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Alitangulia mvulana waliyemwita Domo, ambaye katika kisa chake mchi ulilalamika kuumwa na kichwa tangu kuzaliwa. Watu wakacheka hadi machozi. Kisha akasimama Sisimizi, binti wa muuza nyama, aliyekuwa haandiki zaidi ya mistari mitatu kabla ya kuanza kutafuna kalamu.

"Mimi ni mbingu," akasoma. "Watu wanasema nilihama kwa sababu ya mchi. Waongo. Mchi hauumi kama maneno. Nilikuwa karibu, nikisikia yote. Nyumba moja ilikuwa na mtu ambaye akirudi jioni hupiga meza mpaka chai inamwagika, na mkewe humjibu kwa kugonga sufuria. Mtoto wao alikuwa akiniangalia. Nikaona haya, nikasogea juu kidogo. Kesho yake wakaanza tena. Nikasogea tena."

Muuza nyama akainuka ghafla, dawati likaanguka nyuma yake.

"Mwalimu! Nimemleta mwanangu asome, sikumleta aanike nyumba yangu!"

Mwalimu akasogea, akasimama ubavuni mwa yule msichana.

"Baba, mtoto amesimulia habari za mbingu. Mtu anayepiga meza nimemsikia. Jina lake sijalisikia."

"Mwenyewe kajitaja!" mtu akadakia kutoka nyuma, na vicheko vikazagaa. Mama yake Sisimizi akauziba mdomo kwa mtandio.

Muuza nyama akamtazama binti yake. Binti hakuketi, wala hakuinamisha macho. Mwalimu alijiandaa kuinyakua karatasi ile kabla baba hajaichana. Lakini yule bwana akashusha pumzi.

"Na mwisho wake?" akauliza kwa sauti ya chini. "Mbingu ilirudi?"

"Mwisho sijaandika, Baba."

"Basi andika kwamba yule mtu alinyamaza."

Sisimizi akafikiri kidogo. "Nitaandika akinyamaza."

Wa kwanza kuangua kicheko alikuwa mama yake, darasa zima likafuata. Muuza nyama alijaribu kukunja uso, ukamkatalia. "Mtoto huyu!" akasema, akiliinua dawati lake. "Ulimi wa mama yake, ubishi wangu. Nitapona wapi?" Akaketi akasikiliza wengine, mikono imetulia mapajani.

Watu walipotawanyika, mwalimu mkuu alimfuata mwalimu koridoni, akajikohoza. "Darasa la sita nao insha zao ni maji matupu."

"Shule ikifunguliwa nitaanza nao, Mkuu," akajibu, kana kwamba walikwisha kukubaliana siku nyingi.

Muhula uliofuata ulikuwa umeshaanza Sisimizi alipoleta mwisho wa kisa chake. Mbingu, aliandika, haikurudi ilipokuwa, kwa kuwa ilishazoea upepo wa juu. Lakini jioni moja ilishuka hadi usawa wa paa la nyumba ile, ikatega sikio, ikasikia watu watatu wakinywa chai.

Mwalimu alisahihisha herufi moja tu, akampa mifupa ya kisa kingine.