Vitambaa vya Mama Elkana

Katika miaka kumi na saba ya hoki ya barafuni, Elkana alikuwa amechezea timu tisa, na hakuna hata moja iliyomlilia alipoondoka. Si kwamba alikuwa mbovu. Alikuwa kiraka, akitafutwa pale tu nguo inapochanika.

Aliyetaabika ni mama yake, Zipporah, muuguzi mstaafu wa Wembley. Kwake, kama kwa mama yeyote wa Kisii anayejiheshimu, kochi lisilo na kitambaa liko uchi. Kila Elkana alipopata timu, mama alifuma vitambaa vipya vya rangi za timu hiyo. Na kila alipokaribia kumaliza, simu ililia: "Mama, nimehama tena."

"Hao watu hawawezi kukuvumilia hata nimalize makochi?"

Jumamosi moja Elkana alikuja mwenyewe, anachechemea, goti limefungwa bendeji. Mama akachukua kikapu cha nyuzi.

"Haya, sema. Safari hii ni rangi gani?"

"Hakuna rangi, Mama. Nimeacha kucheza."

Mama alimtazama, akaingia chumbani, akarudi na mfuko wa vitambaa vyeupe, visivyo vya timu yoyote. Vilikuwa vimekaa vimekunjwa mpaka mikunjo ikaingia umanjano.

"Hivi ulivifuma lini?" Elkana akauliza.

"Wiki ile uliyoanza kucheza," akasema mama, akitandika kimoja nyuma ya kichwa cha mwanawe. "Nilidhani hutamaliza mwezi."