Kiini cha Evelyn

Evelyn alikuwa amechoka ule uchovu ambao hata ukilala, unakusubiri kando ya kitanda. Miaka minne, katika chumba cha kupanga pale Soweto, mtaa wa mjini chini ya mlima, alikuwa akiandika kiini cha mfumo wa kompyuta: ile sehemu ya ndani kabisa inayoongea na vyuma, mengine yote yakikaa juu yake. Mshirika wake Ildefonce alikuwa na kazi moja, kuuza huo mfumo, na kwa miaka minne alikuwa ameuza maneno tu.

Sasa mnunuzi amepatikana: chama cha wakulima wa kahawa huko juu mlimani, kompyuta arobaini. Sharti moja. Printa yao ya zamani, yenye kelele kama mashine ya kusaga, itoe stakabadhi. Kiini cha Evelyn hakikuijua printa hiyo. Linux, ule mfumo wa bure ulioandikwa na watu wengi duniani, iliijua printa hiyo na ukoo wake wote.

"Chukua Linux tuuze," Ildefonce alimbembeleza njiani. "Chako tutakitunza kabatini, kama suti ya harusi."

"Suti ya harusi angalau imevaliwa mara moja."

"Basi chako bado kipya."

Walikuta ofisi imefungwa. Katibu wa chama, Mzee Aminieli, alikuwa ndani ya mfongo, ule mfereji unaoshusha maji kutoka mlimani. Ilikuwa siku ya kuusafisha, na siku hiyo huko juu hakuna mgeni, kuna mikono.

"Shikamoo mzee. Tumeleta kompyuta."

"Marahaba. Kompyuta haizoi tope. Shika jembe, mwanangu."

Evelyn akachimba. Ildefonce akazoa tope akiwa na viatu vyake vyeupe. Watu thelathini, na kabla jua halijakaza maji yalikuwa yanapita. Evelyn hakuwa na nguvu ya kupata wazo kubwa. Alipiga hesabu tu: baada ya printa watataka mizani, baada ya mizani skana, na kila kimoja ni nusu mwaka wake, peke yake.

Wakanywa chai, ofisi ikafunguliwa. Evelyn akatoa flashi mbili mfukoni, akaziangalia, akachomeka ya pili.

"Hiyo nini?" Ildefonce aliuliza.

"Linux. Nimeshaweka madirisha yetu ya skrini juu yake."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Na ukaniacha nibembeleze njia nzima?"

"Ulikuwa unafurahi." Akashusha pumzi. "Ila Linux ina sharti: tukikirekebisha kiini chake, mnunuzi akitaka kuona tulichorekebisha, lazima tumpe."

"Tuuze halafu tugawe?"

"Kiini tu. Madirisha na programu za kahawa ni zetu."

Printa ikalalamika, ikatoa stakabadhi. Mzee Aminieli akaisoma mpaka chini, akaridhika. Kiini ni cha nani, hakuuliza. Alifungua daftari akaandika jina la Evelyn.

"La nini hilo, mzee?"

"Zamu ya mfongo. Chai uliyokunywa ni maji yake. Mwezi ujao, Jumamosi ya pili. Uje na jembe lako."

Evelyn akairudisha flashi ya kwanza, ile yenye kiini chake, mfukoni, akaenda kunawa miguu.