Kalamu ya Getini

Nilisoma shule ya usiku nikiwa mtu mzima mwenye watoto, na mpaka leo mwandiko wangu hauna aibu. Ndiyo maana, janga lilipofika na chuo cha uuguzi kikaagiza kila anayeingia anawe mikono kisha asaini, daftari nilikabidhiwa mimi, mlinzi wa mchana.

Wazo la daftari lilikuwa la mjukuu wangu wa kike, kiongozi wa darasa la mwaka wa mwisho. Kalamu nilitoa mimi: ya wino, nzito, nimeitunza miaka mingi. Niliifunga mezani kwa uzi, maana wanafunzi wa afya ni watu wema ila kalamu hawarudishi.

Kuhusu kinga walijua kila kitu. Kijana mmoja tuliyemwita Kipaza, kwa sauti yake, alikuwa akinisimamia nikinawa.

"Babu, umeruka kidole gumba."

"Kidole hiki kimemzidi baba yako umri."

"Basi kioshe zaidi, kina mikunjo mingi."

Hata hivyo wanafunzi wawili wa darasa lile wakaugua, na juma lililofuata akaugua wa tatu. Walipona, lakini Mkuu wa chuo alimwita mjukuu wangu ofisini.

"Wodini kuna wagonjwa dhaifu," alimwambia. "Akiugua mwingine ndani ya siku kumi na nne, hamwendi mazoezi. Mtarudia mwaka."

Jioni ile mjukuu wangu hakula. "Babu, tunanawa wote, daftari lipo. Barakoa tunavaa, madirisha wazi, viti mbalimbali. Sijui kosa liko wapi."

"Labda wenzako wanadanganya."

"Unawaona wewe mwenyewe wakinawa."

Nikaifunika sahani yake.

Kesho yake jua lilikuwa kali na kalamu ikavuja. Mchana Kipaza alitoka darasani akiwa na alama mbili za wino kwenye barakoa, pale anapoibana puani. Nikamcheka. Nyuma yake akaja binti mwenye wino kwenye ncha ya sikio, na mwingine chini ya jicho. Alipotoka mtu wa tisa, kicheko kilikuwa kimeniisha. Wote walinawa mbele yangu, mikono ikatakata, kisha wote wakashika kalamu moja, kisha wakajishika usoni.

Ningeweza kuukata uzi, nikaitupa kalamu na kusema imepotea. Sitaficha, niliwaza hivyo, na mkono nilishaupeleka mfukoni kutafuta kisu. Lakini kesho ingefungwa kalamu nyingine palepale, na mjukuu wangu angeendelea kutafuta kosa asilione. Nikamwita.

"Mama, mtazame mwenzako puani."

Alimtazama Kipaza, akatazama meza, akaketi kwenye kiti changu. "Mimi ndiye niliyesema wasaini."

"Na mimi niliwakataza kutumia kalamu zenu, eti zinaharibu mwandiko."

"Tulijaza karatasi ya maswali hamsini kuhusu kinga, Babu. Darasa zima tulipata alama za juu. Halikuwamo swali la kalamu."

Tukaenda pamoja kwa Mkuu, nami nikaeleza sehemu yangu kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hatuwezi kujua kama kalamu ndiyo iliyowaambukiza," akasema. "Lakini hapo palikuwa na mwanya, na mmeuona wenyewe. Mtauzibaje?"

"Kila mtu atataja namba yake ya chuo tu," mjukuu wangu akajibu. "Babu ataandika peke yake. Na anayejisikia vibaya aseme getini, kabla hajaingia."

"Mzee, watu sitini kila asubuhi utawaweza?"

"Wakitamka vizuri."

Tukaanza kuhesabu siku. Siku ya tisa Kipaza alisimama mbali na meza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Usiniandike leo, Babu. Koo linawasha. Naenda kupimwa."

Wenzake walimpisha. Zamani angemeza maji akaingia tu. Siku mbili mjukuu wangu alishinda na simu mkononi, na mimi nilikosea namba mara tatu, jambo ambalo si la kawaida yangu. Majibu yalipokuja yalikuwa mafua ya kawaida. Kipaza alirudi akidai tumemkosa sana, na hakuna aliyembishia.

Siku ya kumi na tano Mkuu alileta barua getini mwenyewe: waanze kesho, wodi ya wanaume.

Kesho yake asubuhi mjukuu wangu alitoka chumbani na sare nyeupe, akasimama hatua mbili mbele ya mke wangu, bibi yake. Hawakukumbatiana. Bibi yake alichora duara hewani kwa kidole, naye akageuka taratibu ili mgongo nao uonekane.

"Kola imekaa," bibi yake akasema. "Haya nenda, wagonjwa wanakungoja."