Kilichoikwamisha Kompyuta ya Mke Wangu

Mke wangu hulipwa kwa kusikiliza wanaume. Najua nikisema hivyo mtu atanitazama kwa jicho baya, lakini ndivyo kazi yake ilivyo. Watafiti wanakwenda huko wanakokwenda, wanahoji watu, wanarudi na sauti zilizorekodiwa, na yeye anazichapa neno kwa neno, hata kikohozi anakiandika kwenye mabano. Anakaa chumba cha pili, mlango umerudishwa, hedifoni masikioni, vidole vinakimbia. Nikipita na kikombe changu cha chai namkuta anatabasamu peke yake. Ukimuuliza anacheka nini, anakwambia ngoja kwanza, kuna mtu anaongea.

Kuna mtu anaongea. Na mimi niliyesimama mlangoni ni nani, kabati?

Mimi ni mtunza stoo katika duka la vifaa vya ujenzi. Nashinda na misumari, rangi na mabomba, vitu ambavyo ukiviacha mahali jioni, asubuhi unavikuta palepale. Ndivyo nilivyozoea kuishi. Kitu changu nataka nijue kiko rafu gani.

Hao wanaume wa kwenye hedifoni ningeweza kuwavumilia, maana hawamjui. Aliyeninyima usingizi ni msimamizi wake, yule anayemtumia hizo kazi. Huyu haandiki ujumbe kama watu wengine, anatuma sauti. "Dada, kazi yako safi sana. Sijui tungefanya nini bila wewe." Sauti nzito, tulivu, ya mtu aliyekula akashiba. Mke wangu anaisikiliza huku anamenya vitunguu, na mimi nasimama pale jikoni nikijifanya natafuta chumvi. Nilimuuliza siku moja huyo bwana ana mke. Akasema hajui, hajawahi kumuuliza. Roho iliniuma zaidi. Mwanamke asiyetaka kujua kama mtu ana mke, nikawaza, ana sababu yake.

Pale dukani kulikuwa na mpakiaji mmoja, mtu mzima, aliyejua kila kitu isipokuwa kupakia. Nikamtolea yaliyonijaa moyoni. Akaniambia hilo ni jambo dogo, ipo programu, ukiiweka kwenye kompyuta ya mtu, kila anachochapa kinakuja kwenye simu yako. Jumapili mke wangu alipokwenda kumwona dada yake, mpakiaji akaja kwetu na flashi mfukoni. Jirani alipouliza, nikasema amekuja kutazama bomba.

Tangu hapo, mapumziko ya mchana nikawa nakaa juu ya mifuko ya saruji nasoma. Sikujua kazi ya mke wangu ina maneno mengi kiasi hicho. Siku ya kwanza tu nikakutana na haya: "Nampenda kuliko wote. Nikimwita tu, anaacha kila kitu anakuja." Nilirudi nyumbani sina hamu ya kula, nikamtazama mke wangu anavyokunja nguo, nikawaza kumbe ndivyo mtu anavyokunja nguo huku ana mambo yake. Kesho yake mazungumzo yakaendelea, na maziwa yake yakasifiwa, na ikasemwa kwamba alizaliwa msimu wa mvua, na mama yake alikuwa na doa jeupe usoni. Watafiti walikuwa wanawahoji wafugaji. Nilishusha pumzi. Kisha nikajiuliza huyu bwana na ng'ombe wake, hayo mapenzi yote ilikuwa lazima ayasimulie kwa mke wangu?

Kuna kitu kimoja mpakiaji hakunieleza: programu hiyo ni nzito. Ile kompyuta ilikuwa dhaifu tangu zamani. Tuliinunua kwa mtu aliyeinunua kwa mtu. Ikipewa kazi moja inafanya, ikipewa mbili inahema. Programu yangu ilipoingia humo, ikawa msiba. Mke wangu anaiwasha, anafagia chumba, anafua soksi, akirudi ndiyo kwanza inafunguka. Anachapa sentensi, maneno yanatokea baadaye moja moja, yanajivuta. Inaganda katikati, anaizima, kipande alichochapa kinapotea na anakirudia upya. Akalaumu joto. Akalaumu umeme. Mimi nikasema ni vumbi, nikamletea brashi kutoka dukani.

Basi katikati ya hali hiyo ikaja bahati. Ofisi ile ilitaka mtu mmoja wa kuajiri moja kwa moja, mwenye mshahara wa kueleweka, si hivi vibarua vya kupigiwa simu. Wakampa rekodi ndefu ya majaribio, airudishe Ijumaa. Ikirudi safi na kwa wakati, kazi ni yake. Jumanne kompyuta ikaganda na kumeza nusu ya alichokuwa amechapa. Nilimkuta amekaa kitandani, hedifoni shingoni, analia bila sauti.

Sasa mtu aseme nilikuwa na roho mbaya. Nilitaka apate kazi ile. Nilikwenda kwenye kompyuta alipokuwa anaoga, nikajaribu kuitoa programu, ikanidai neno la siri. Neno la siri analijua mpakiaji. Mpakiaji alishafukuzwa dukani na namba yake haipatikani. Nikarudi sebuleni nikawasha redio. Ikiendelea kukwama, mke wangu anakosa kazi. Akija mtu wa kuitengeneza, mimi nimekwisha.

Dada yake ndiye aliyempa habari za Taratibu. Ni fundi wa kompyuta, anakaa chini ya ngazi za jengo moja la maduka, na watu wamempa jina hilo kwa sababu hana haraka na kitu chochote, ingawa kazi anayosifiwa ni kuziharakisha kompyuta za watu wasio na uwezo wa kununua mpya. Bei yake ni ya kawaida kabisa, na ukiondoka hujaona nafuu, humpi kitu.

"Nitaipeleka mimi," nikamwambia mke wangu. "Wewe pumzika."

"Umekuwa mwema siku hizi," akasema.

Nilipanga vizuri. Nampelekea fundi, namnong'oneza, anakitoa kile kitu, mambo yanaisha kimya kimya. Nikamkuta Taratibu amekaa kwenye kigoda, miwani puani, anapuliza ubao wa mashine ya mtu. Hakunyoosha hata mkono.

"Hii ni ya kwako?" akauliza.

"Ya mke wangu."

"Basi njoo na mke wako."

Nikamweleza kwamba mke na mume ni kitu kimoja. Akasema huenda, lakini yeye hafungui kompyuta mwenye nayo hayupo. Utaratibu wake ni mmoja: anamkalisha mwenye mashine pembeni yake, anapitia kila kinachojiwasha humo ndani, kimoja kimoja, anauliza huyu unamjua? Ukisema ndiyo, anamwacha. Ukisema hapana, anamchunguza. Wengine walishamsingizia amewafutia mambo yao, ndiyo maana. Nilimbembeleza, nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, wapi. Aliendelea kupuliza ubao wake.

Alhamisi asubuhi mke wangu akafunga kompyuta kwenye kanga aende mwenyewe. Nikapiga simu kazini kuomba ruhusa.

"Unakuja kufanya nini?" akaniuliza.

"Kukusaidia kubeba."

"Kompyuta?"

Ukweli ni kwamba kulikuwa na mambo mawili. La kwanza nilishalisema, ile programu. La pili, nilikiona kile kibanda cha chini ya ngazi. Ni chembamba. Watu wawili wakikaa pale kutazama kioo kimoja, mabega yanagusana, na mimi siwezi kuwa stoo nahesabu bawaba huku bega la mke wangu liko huko. Nilijua naweza kuumbuka kwa kwenda, nikaenda.

Taratibu alimwita dada na mimi akaniita shemeji, nikapoa kidogo. Alifungua mgongo wa kompyuta, akatoa vumbi, akaweka kipande cha memori alichokitoa kwenye mashine iliyokufa. "Haina nguvu, lakini si mbovu," akasema. "Ina wageni tu." Akaiwasha, akamsogezea mke wangu kiti. Mimi nikasimama nyuma yao, mkono juu ya kiti, katikati ya yale mabega.

"Huyu unamjua?"

"Huyo ni wa kusikilizia sauti. Mwache."

"Huyu?"

"Simjui."

"Ni wa printa. Una printa?"

"Sina."

Akamtoa. Wakaenda hivyo, bila haraka, na mimi jasho linanitoka mgongoni. Mke wangu alianza kufurahia, akawa anajibu kabla hajaulizwa, na Taratibu akacheka, na hata hapo, na kamba shingoni, nikapata nafasi ya kuona wivu kwa hicho kicheko.

"Na huyu?"

Mke wangu akasogea karibu. "Simjui."

Taratibu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Huyu ndiye anayekula kompyuta yako, dada. Wengine wote ni wadogo zake. Kila unachobonyeza anakichukua, anakituma kwa mtu."

"Kwa mtu gani?"

"Hajiandiki. Ila ni mtu aliyeishika mashine hii kwa mkono wake."

Nikamwona mke wangu anavyofikiri, akikunja kona ya kanga. Halafu akasema, "Mwezi uliopita niliipeleka ofisini. Msimamizi aliniambia niiache waniwekee ile programu ya sauti." Akashika shavu. "Labda ni yeye. Labda alitaka kuona ninavyofanya kazi."

"Ana muda, basi," akasema Taratibu. "Kusoma kila neno la mtu, kutwa nzima, mwezi mzima. Mtu asiyekujali hawezi."

Nilitazama uso wa mke wangu. Alikuwa ameogopa, hilo sikatai. Lakini chini ya hofu niliona kitu kingine, kidogo tu, kama mtu aliyesikia kwamba kumbe alikuwa anatazamwa. Na aliyepewa heshima hiyo ni yule mwenye sauti nzito. Mimi niliyekaa juu ya saruji nikisoma mpaka kikohozi, mimi niliyemjua mpaka ng'ombe mwenye mama mwenye doa, jasho langu lote anaandikiwa msimamizi. Njia ilikuwa wazi. Ningenyamaza tu, programu ingetolewa, lawama ingekwenda kwake, na huenda mke wangu angemkata yule bwana kabisa. Mtu mwenye akili angenyamaza.

"Ni mimi," nikasema.

Wote wawili wakageuka.

"Si yeye. Huyo msimamizi hata hajui unaishi wapi. Ni mimi niliyeiweka, na mimi ndiye niliyekuwa nasoma."

Taratibu akatazama kibodi. Mke wangu akamgeukia fundi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mtoe, kaka. Tuendelee." Wakamaliza orodha yote. Kompyuta ikazimwa, ikawashwa, ikafunguka kabla hajakaa sawa kitini. Akalipa mwenyewe, akashukuru, akaifunga kwenye kanga na kuibeba mwenyewe.

Njiani alikwenda mbele. Tulipokaribia nyumbani ndipo akasimama.

"Umeona nini?"

"Wapi?"

"Humo ulimokuwa unasoma. Nataka kujua ulichokiona."

Nilitaka kumdanganya, nikakosa cha kudanganya. "Sikuona kitu," nikasema. "Hakuna mwanaume. Kuna wafugaji." Na kwa kuwa nilishaanza, nikaona nimalize. "Nilichokitafuta baadaye ni mimi. Nilitaka nione unasema nini juu yangu, kwa dada yako, kwa yeyote. Sikuwemo. Hata kwa kunisema vibaya. Mwezi mzima, mke wangu, hujaniandika popote."

Alibadilisha mzigo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Wewe nilikuwa naongea na wewe kwa mdomo," akasema. "Kwa nini nikuandike?"

Akaingia ndani.

Ijumaa asubuhi alirudisha ile rekodi, safi, na kabla ya muda. Wiki iliyofuata wakamwajiri. Msimamizi akatuma sauti ya kumpongeza, akaisikiliza mbele yangu mpaka mwisho, nami nikaisikiliza. Ana kazi, ana mshahara wake, na kompyuta inakwenda mbio mpaka naisikia kutoka sebuleni, vidole havisimami. Hajarudi kwao. Hajanitukana. Nguo zangu zinafuliwa, shati la kazini liko palepale linapokaa siku zote.

Jioni ya Alhamisi ileile nilikuwa nimekaa sebuleni, simu ikatetemeka. Nikadhani ni watu wa dukani. Ilikuwa ni yeye, kutoka chumba cha pili, ukuta mmoja tu kati yetu. "Chakula kiko mezani."

Kesho yake: "Gesi inakaribia kwisha." Kisha: "Dada anakuja Jumapili." Sentensi fupi, nukta mahali pake, hakuna kosa hata moja. Nimezisoma zote, nyingine mara nyingi. Nimetafuta ndani yake hasira, nimetafuta huruma, sijapata.

Jana ikaja moja inayosema koti langu amelipeleka kwa fundi cherehani. Nikashindwa kuvumilia. Nikasema kwa sauti, kutoka hapo hapo kwenye kiti, asante, mke wangu, na njoo tukae kidogo. Kule chumbani vidole vilisimama. Nikasubiri kusikia kiti kinasogezwa.

Simu ikatetemeka. "Andika."

Nikaandika.