Unga wa Daimu

Fora maana yake kaa chonjo, mbele kuna watu. Neno hilo nilifundishwa na Mdachi, na sijalisahau, ingawa mengi ya Wadachi nimeyasahau kwa makusudi. Mpira ukiruka kuelekea walipo watu, mchezaji anapaza sauti, fora, na kila anayesikia anakinga kichwa. Na kama wewe ndiye uliye mbele na mchezaji hajakuona, unalipaza wewe, naye inambidi ashushe fimbo yake asubiri. Alituambia hivyo mwenyewe.

Mnacheka. Mnajiuliza bibi huyu gofu ameijulia wapi. Haya kaeni niwaambie, na atakayecheka tena nitamtoa nje, nawajueni nyinyi.

Ilikuwa Songea, baada ya vita vya Maji Maji. Wanaume wetu walikuwa wamekwisha nyongwa, mashamba yamechomwa, maghala yamechomwa, na sisi tuliobaki tunachimba mizizi ya ming'oko porini ili tusife. Mume wangu, Daimu, walimkamata kwetu Lusewa wakamleta Songea amefungwa shingoni na wenzake. Mimi na mama yake, Biasha, tukamfuata kwa miguu. Tulipofika tukaambiwa ameshanyongwa, yeye na wengi, wamefukiwa shimo moja, na ndugu wa marehemu ni marufuku kukanyaga hapo. Hapo ni wapi? Kila tuliyemuuliza aligeuza uso.

Sasa mwelewe jambo moja, maana bila hilo mtanisikiliza bure. Kwetu mtu hajazikwa mpaka amepewa unga. Unakwenda kaburini jioni na unga mkavu wa mtama, unaumimina taratibu kutoka vidoleni mpaka ufanye kilele kilichochongoka, unamwita kwa jina lake, unaondoka. Asubuhi unarudi. Ukikuta kilele kimesimama, amepokea, ametulia, na nyumba yake itatulia. Ukikuta kimebomoka, amekataa. Ana kinyongo na nyinyi, na anatangatanga.

Mama mkwe wangu alikuwa amebaki mifupa. Tulipewa kibanda cha kujibanza na mwanamke mmoja anaitwa Zabibu, Mungu amlaze pema, na Biasha akilala humo mkekani alisema neno moja tu kutwa.

"Tabu, mwanangu. Nataka kujua kama Daimu amepokea au amekataa. Nikishajua, basi."

Ndipo boma wakatafuta wanawake wa kufyeka majani, posho ni mtama. Mimi na Zabibu tukaenda. Tulidhani ni shamba. Kumbe ni uwanja wa mchezo wa bwana mmoja wa bomani tuliyemwita Bwana Kijiti, kwa sababu alitembea na mfuko wa fimbo zilizopinda vichwa. Alisema mchezo ule alijifunza kwa Waingereza. Nchi inanuka moshi, watu wanaanguka njiani kwa njaa, yeye anatufyekesha apate mahali pa kupigia kimpira kidogo kinachojaa kiganjani.

Na ilibidi tujifunze maneno yake, maana sisi ndio tuliobeba mfuko. Grini ni pale penye majani mafupi kuzunguka shimo, na hapo hukanyagi kwa kisigino. Bunka ni shimo la mchanga, mpira ukiingia humo anatukana. Bogi ni hesabu ya mapigo ambayo mtu hodari anatarajiwa kumaliza nayo. Tii ni kichuguu. Unachota mchanga uliolowa, unaufinya kwa vidole, unaufanya kilele kidogo, naye anauweka mpira juu yake ndipo apige. Kazi ya tii ilikuwa yangu. Alinisifia mkono wangu. Sikumwambia mkono huo umejifunzia wapi.

Kuna kitu wanakiita hendikepu. Mchezaji dhaifu akikutana na hodari, anapunguziwa mapigo kabla hawajaanza, ili washindane sawasawa. Bwana Kijiti alitueleza hilo akitabasamu, akasema ndio uungwana wa mchezo huu. Nikamtazama. Daimu alikwenda vitani na mkuki na maji ya dawa, wao wana bombomu inayotema risasi bila kupumzika. Nani alimpunguzia Daimu? Nilipandwa na hasira siku ile, na sijui kama imeshuka hadi leo.

Lakini lililoniuma zaidi ni la mpira kupotea. Ukiingia porini tunautafuta sote kwa muda mfupi, tumeinama. Usipoonekana anasema, umepotea, anatoa mwingine mfukoni, mchezo unaendelea, wala hakuna anayeuulizia tena ule wa kwanza. Mara ya kwanza nilikwenda nyuma ya kichaka nikalia. Na mimi nilikuwa natafuta, tangu Lusewa, na mfukoni sikuwa na mwingine.

Siku moja Bwana Kijiti akachagua mahali pa kuanzia mchezo. Palikuwa na tuta refu la udongo, limeota majani mabichi kuliko kwingine kote. Akapanda juu yake, akaangalia huku na huku, akasema pameinuka penyewe, hatuna haja ya kujaza kifusi. Tukaambiwa tusafishe juu yake.

Zabibu akaacha kufyeka. Nilimuuliza ana nini, akasema ataniambia tukifika mtoni.

"Nilikuwa nawapikia askari siku ile," akasema. "Tuta lile halikuwapo asubuhi. Jioni lilikuwapo. Nisamehe, dada, niliogopa kukuambia."

Nilikuwa nimelikanyaga kutwa nzima, na fyekeo limo mkononi mwangu.

Biasha nilipomwambia hakulia. Aliomba tu asogezewe mtama wa posho, akausaga mwenyewe, akipumzika kila mara, akaupepeta, akanipa. Huo ndio unga wote tuliokuwa nao. Jioni, wenzangu walipoondoka, nikajichelewesha. Nikaumimina unga katikati ya tuta, palipo sawa, nikaita, Daimu, pokea, umeletwa na mama yako. Kilele kikachongoka vizuri, cheupe. Nikaondoka bila kugeuka nyuma, kama inavyotakiwa.

Asubuhi tulidamka, lakini Bwana Kijiti alikuwa ametutangulia. Alipata mgeni, akataka kumwonyesha mchezo kabla jua halijawa kali. Tulimkuta juu ya tuta, mpira ameshauweka juu ya unga wangu.

"Nani ametengeneza tii hii?" akauliza. "Nyeupe, naiona vizuri sana."

Akapiga. Mpira ukaenda, unga ukaruka, mwingine ukaniangukia mguuni. Akaniambia niwe natengeneza namna ile kila siku. Zabibu alikuwa amenishika mkono, amenibana mpaka kucha zikaingia. Ningefungua mdomo tungelala chini kwa viboko hamsa ishirini, mimi na yeye, na tuta lile nisingelisogelea tena maishani. Nikabeba mfuko. Nilimfuata uwanja mzima, na unga wa mume wangu uko kwenye mguu wangu, siwezi kuupangusa.

Nilipokuwa narudi nilipanga kusema uongo. Biasha akaniangalia tu, nikasema kweli.

"Kimebomolewa na nani?" akauliza.

"Na Mdachi, mama. Amekidhania kichuguu cha mchezo wake."

Akajiinua kwa kiwiko. "Basi mwanangu hajajibu. Apewe tena."

"Mama, unga uko wapi?"

"Utapatikana."

Toka siku hiyo akasema uji unamchefua. Fungu lake la unga akataka nimpe vilevile mkavu, eti ataulamba polepole, ndio tumbo lake linavyopenda. Nikampa. Nikirudi kazini nauliza, mama umekula? Ananijibu, nimekula, mwanangu, nimeshiba. Na midomo yake kweli ilikuwa na unga kidogo. Ujanja wa watu wazima jamani. Nilimwona anapungua, nikasema ni majonzi, nikasema ni njaa ya nchi nzima, nani hapungui?

Akafa mchana, mimi niko uwanjani natafuta mpira majanini. Zabibu ndiye aliyekuja kuniita. Tulipomwinua tumwoshe, tukakuta kibuyu chini ya mkeka, pale ubavuni. Kimejaa unga mpaka shingoni. Alikuwa ameupepeta na kuupepeta tena, laini, mweupe.

Machozi hayakunijia. Nilikasirika. Nilimgombeza maiti, nikamwambia mama umenidanganya, umenikalia hapa unaniambia umeshiba, na mimi nakuamini. Zabibu akaninyamazisha kwa upole, akasema majirani watasikia.

Tukamzika karibu na kijito, wanawake peke yetu. Zabibu akauliza kama hatutamwachia yeye japo kiasi cha unga ule juu ya kaburi lake.

"Ni wake," nikamjibu, "na ameshasema ni wa nani."

Jioni nikaenda tuta. Nikamimina wote, nikaita jina la Daimu, nikamwambia umeletwa na mama yako tena, na huyu mama utakutana naye huko, umwangalie, hajala. Alfajiri, kulipoanza kupambazuka, nilikuwa nimeshafika. Ukungu ulikuwa umelala uwanjani. Sikukiangalia kilele. Jua lilikuwa halijatoka, na desturi kilele huangaliwa jua likishatoka.

Wakaja, Bwana Kijiti na yule mgeni wake, na Zabibu nyuma yao. Aliona weupe toka mbali akafurahi. Akapanda, akatoa mpira mfukoni, akainama.

Mimi nikasimama mbele yake juu ya tuta, nikapaza sauti. "Fora."

Akaganda, mpira uko vidoleni. Nafikiri ni desturi tu iliyomshika, maana mchezaji akisikia neno lile hapigi. Akainuka, akatazama uwanja wote mpaka kwenye miti.

"Watu wako wapi?" akauliza. "Simwoni mtu."

Nikamwonyesha chini, palepale aliposimama. "Hapa, bwana. Wengi."

Mgeni wake akamuuliza kitu kwa lugha yao. Bwana Kijiti alitazama miguu yake, akautazama unga, akanitazama mimi. Kama alijua toka mwanzo, au alijua wakati ule ule, mimi sijui, na sikumuuliza. Alirudisha mpira mfukoni, akashuka, akamwambia Zabibu amfinyangie tii ya mchanga kule chini, kando. Hakuagiza nichapwe. Na msinitazamie nimshukuru.

Jua likatoka. Ndipo nikainama nikaangalia. Kilele kilikuwa kimesimama chote, hata ncha yake haikumomonyoka, umande ulikuwa umekishika kidogo tu pembeni. Daimu alikuwa amepokea.

Nikakimbia. Niliacha mfuko wa fimbo, niliacha kazi, nilikimbia njia yote mpaka kibandani, roho nyeupe, kichwani nina neno moja. Nikausukuma mlango.

"Mama, kimesimama," nikasema.

Nilikuwa nimeshasema. Mkeka ulikuwa umekunjwa, umeegemezwa ukutani, kama tulivyouacha mimi na Zabibu.