Kipimo cha Mzee Nyange

Haidar alikuwa katika wiki ya tatu ya mafunzo ya utafiti wa afya huko Mtambile, yeye na wenzake watatu waliomaliza chuo juzi tu. Mwalimu wao, Daktari Arwa, aliwaambia tangu siku ya mwanzo: "Kipimo si chenu. Ni cha mwenye mkono. Kikiwa kibaya, mwambieni hapo hapo, msingoje mkutano wa kijiji."

Jumanne walikwenda kwa Mzee Nyange, wakamkuta uani anaanika karafuu, na wazee wenzake wawili wakimsaidia kuchambua. Haidar akamfunga mkononi ukanda wa mashine ya presha.

"Yakhe, legeza!" mzee akasema. "Hata mke wangu Mwanawema hakunibana hivi siku ya harusi."

"Siku hiyo alikuwa bado hajakujua," mwenzake mmoja akamjibu, na ua mzima ukacheka.

Namba zikatokea: mia na tisini na sita kwa mia na kumi na nane. Haidar aliona ni za hatari, akaziandika. Lakini angeanzaje? Kijana wa juzi amvunjie mzee furaha yake mbele ya marika yake? Adabu aliyolelewa nayo ilimfunga ulimi. Akajisemea kwamba kesho atarudi amwite pembeni. Kesho yake wakapelekwa shehia nyingine. Alhamisi alfajiri Mzee Nyange alianguka akienda kutawadha, asiinuke tena.

Siku ya tano baada ya maziko, Haidar alimwendea mwalimu wake akamweleza yote. Alitarajia kufukuzwa. Arwa akamuuliza:

"Mjane wake anajua?"

"Hajui."

"Basi twende. Nitakuwa nawe, lakini sitakusemea."

Bi Mwanawema alikuwa katika eda, haonani na wanaume wa nje. Arwa, kwa kuwa ni mwanamke, aliingia ndani. Haidar akabaki barazani, karibu na pazia la mlango, miongoni mwa shemeji watatu wa mjane waliokuja kuhani msiba.

"Bi Mwanawema, mie ndiye niliyempima mzee. Presha yake ilikuwa juu sana. Niliiona, sikumwambia. Nilimwonea haya mbele ya wenzake."

Sauti ya mjane ikatoka nyuma ya pazia, haina hasira, na hilo ndilo lililomchoma Haidar zaidi.

"Kichwa kilikuwa kinamuuma toka Jumatatu. Jumatano nikamwambia twende hospitali. Akanambia, 'Vijana wa daktari wamenipima jana. Ingekuwa kuna kitu, wangesema.' Akarudi kwenye karafuu zake."

Siku zote hizo Haidar alidhani amenyamaza tu. Kumbe kimya chake kilikuwa kimemwambia mzee kwamba ni mzima.

"Nisamehe, mama."

"Msamaha usiniombe leo, mwanangu. Leo sina." Kisha akamwita Arwa. "Daktari, mashine unayo? Siku ile mie nilikuwa shamba, sikupimwa. Nipime, lakini jibu anipe yeye."

Ikasikika mashine ikivuma, ikanyamaza. Arwa akazisoma namba kwa sauti: mia na themanini na mbili kwa mia na kumi. Shemeji wote watatu wakamgeukia Haidar.

"Presha yako iko juu, Bi Mwanawema. Inakupasa uende hospitali leo hii. Eda haizuii matibabu."

"Maneno yenyewe uliyomficha mume wangu ndiyo hayo tu?" mjane akauliza, na hapo ndipo alipoanza kulia.