Kibibi Amekula Mdomo

Kinyozi alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mteja, binti yake mwenyewe alipomwita kutoka chooni, nyuma ya duka.

"Baba! Njoo uone mkojo wangu ulivyo mzuri!"

Walimwita Kibibi, maana kwa miaka yake minne alishajua kununa kama bibi kizee aliyekosa mwaliko wa harusi. Mboga hakuzitaka hata za kulambishwa. Mchicha aliutema, karoti alizichokoa kwenye wali, akazipanga ukingoni mwa sahani. Mama yake, aliyeuza vitambaa sokoni, alikuwa amekwisha kunyoosha mikono.

Kinyozi aliweka mashine chini, akaenda akicheka. Akachungulia. Mkojo ulikuwa mwekundu.

Alimzoa mtoto akatoka mbio, sare ya shule bado iko mwilini. Mteja, fundi bomba, naye akamfuata, upande mmoja wa kichwa umeng'aa na mwingine ni msitu, kitambaa cha kunyolea kikipepea shingoni.

Kwenye zahanati, muuguzi alimdaka fundi bomba mkono.

"Kaa hapa, kaka. Kichwa kimepatwa na nini?"

"Mimi mzima, dada. Mgonjwa ni yule."

Kinyozi alieleza alichokiona. Mkononi alikuwa na simu, lakini hakuthubutu kumpigia mkewe. Angeanzaje? Muuguzi aliminya tumbo la Kibibi taratibu, akamgusa paji la uso, akachukua mkojo kidogo akaupeleka kupimwa. Aliporudi akachuchumaa mbele yake.

"Mwanangu, unaumwa wapi?"

"Siumwi."

"Leo umekula nini?"

"Nimekula mdomo."

Kinyozi akadakia. "Mdomo wa nani?"

"Wangu. Halafu nikala wa jirani yangu. Alikuwa hautaki."

"Mungu wangu, kamng'ata mwenzake!" akasema fundi bomba.

Hapo kinyozi akampigia mwalimu wa chekechea. Aliposikia habari ya damu, mwalimu naye akaanza kuingiwa na hofu. Aliposikia habari ya mdomo, akapumua kwa nguvu hata muuguzi akamsikia.

"Baba Kibibi, kaa chini kwanza. Hiyo siyo damu, ni bitiruti!"

Akaeleza. Asubuhi ile walikuwa wametengeneza vitafunwa darasani. Aliwaletea watoto bitiruti, matango na karoti, wakazishika, wakazinusa, wakaziosha wenyewe. Bitiruti zilipochemshwa, wakazimenya kwa vidole. Kisha kila mtoto akapanga uso juu ya kipande cha mkate: macho ya tango, pua ya karoti, mdomo wa bitiruti. Hakuna aliyelazimishwa kula.

"Kibibi alikaa akiutazama uso wake weee," mwalimu akasema. "Akaulamba mdomo. Akaumeza. Nikageuka kumsaidia mwingine, niliporudi nikakuta nyuso za meza nzima hazina midomo. Nisamehe, nilipaswa kuwatahadharisha. Rangi yake hupita hadi chooni."

Muuguzi naye alikuwa ameletewa majibu. Damu hamna, ugonjwa hamna. "Mpe maji ya kutosha," akasema, akakimbilia chumba cha ndani kucheka.

Kinyozi alikaa kwenye benchi. Alimkumbatia Kibibi mpaka mtoto akalalamika kuwa anabanwa. Akajifuta macho kwa kiganja, na fundi bomba akajifanya anasoma bango la chanjo ukutani.

Mara mama akaingia, kanga imemlegea upande mmoja. Majirani wa duka walikuwa wamempigia simu.

"Mwanangu ana nini?"

"Hana kitu," kinyozi akamwambia. "Amekula mboga."

"Nani?"

"Huyu."

Mama alimtazama mumewe, akamtazama mtoto, kisha akamgeukia muuguzi aliyekuwa anatoka ndani.

"Dada, hebu nipimie na baba yake."